Mstari wa Matoka

Bahati, Jumamosi mchana

Wangari mwanangu,

Sitakuuliza u hali gani, maana najua uko Nakuru mjini unatafuta ndoo yenye kifuniko na kufuli ya sanduku, na najua pia utarudi umenuna kwa sababu ya jua na kelele za wauzaji. Wala sitajifanya kukuambia kwamba mimi sijambo. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Tafadhali isome leo kabla giza halijaingia. Sababu ya kutaja giza utaiona mbele.

Habari za blanketi, dawa, wavulana na kadi ya benki tumeshazimaliza. Lile utakalolisahau litakufunza lenyewe, kama lilivyonifunza mimi. Ninalotaka kusema linahusu jana, na haliwezi kungoja mpaka Disemba utakaporudi kutoka Kisumu.

Jana watu wa kanisa walipokuja kukuombea safari, mjomba wako Ndegwa alisimama langoni petu. Alikuwa amevaa lile koti lake la harusi, na mkononi ameshika chupa mpya ya chai ikiwa bado ndani ya boksi lake. Wewe ulikuwa umeketi katikati ya wageni na soda yako. Ukamwona. Ukasema, na sauti yako tangu utotoni haijui kunong'ona, "Huyo mwizi anataka nini hapa?" Wageni wote walisikia. Ndegwa naye alisikia. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la chapati, nikabaki nalo pale mlangoni. Wewe ukainuka ukaingia chumbani kwako. Hukujua kwamba ni mimi niliyemwalika.

Ndiyo maana naandika. Kesho asubuhi gari litakalokupeleka stendi litapita mbele ya lango lake, na kabla halijapita kuna kitu nilichokufundisha vibaya ambacho lazima nikirekebishe. Nimekufundisha hesabu tangu ukiwa mdogo, na sidhani kuna siku nilikupa jibu lisilo sahihi. Hili nililikosea, tena nililikosea nikitumia akili ile ile ya hesabu ambayo watu hunisifu kwayo.

Unaikumbuka siku ile ukiwa kidato cha pili, tukiwa jikoni, uliponiuliza tunajuaje kwamba kati ya nukta mbili unapita mstari mnyoofu mmoja tu? Nilikuambia hatulithibitishi hilo. Ukaweka kalamu chini.

"Kwani? Si wewe kila siku unaniambia nionyeshe kazi?"

"Hiyo ni postuleti," nikakujibu. "Tunaikubali ndio tuanze."

"Kwa hivyo, Mathe, hesabu yote imesimama juu ya kitu hata nyinyi walimu hamjui?"

Ulikuwa umekasirika kweli kweli, umetoa macho, na mimi nikacheka mpaka maziwa yakafurika juu ya jiko. Hukucheka. Uliona umedanganywa miaka yote hiyo.

Acha niyaseme tena yale maneno mawili, polepole, maana leo nayahitaji kuliko wewe. Theoremu ni kauli uliyoifikia kwa hatua. Mtu akikuuliza kwa nini, una jibu, na nyuma ya jibu hilo kuna jibu lingine. Pembe tatu za pembetatu zinajumlika kuwa digrii mia moja na themanini: hiyo ni theoremu. Ulirarua pembe za karatasi ya manila ukazipanga pamoja zikakaa sawasawa juu ya mstari, ukafurahi, nami nikakuambia kwamba umeona lakini hujathibitisha. Kuthibitisha ni kuchora mstari unaopita kwenye kilele, sambamba na kitako, kisha kueleza kila pembe imetoka wapi. Lakini ukizidi kuuliza kwa nini, na kwa nini tena, unashuka ngazi moja moja mpaka unafika chini, mahali ambapo hakuna jibu jingine. Hapo chini ndipo postuleti zilipo. Haziko pale kwa sababu ya uvivu wa waliotutangulia. Mtu asiyekubali chochote hana pa kuweka mguu, na hawezi kuthibitisha chochote.

Halafu kuna postuleti ya mistari sambamba, ile isemayo kwamba nukta iliyo nje ya mstari hupitiwa na mstari sambamba mmoja tu; hiyo ilikusisimua zaidi. Nilikueleza kwamba watu wenye akili sana waliihangaikia karne baada ya karne, wakitaka kuifanya theoremu, wakashindwa, mpaka wengine wakathubutu kuiacha kabisa na kuanza na nyingine, na jiometri nyingine nzima ikasimama mbele yao bila kuanguka. Hukuniamini. Nikachukua chungwa, nikalichorea kwa kalamu: mstari mmoja kuzunguka kiuno, na miwili kushuka kutoka kwenye kikonyo mpaka kwenye kile kiuno, ikiachana kwa robo ya mzunguko. Ikatokea pembetatu yenye pembe mraba tatu. Ukazihesabu mara mbili. Kisha ukalimenya lile chungwa ukala, ukaniambia umeimeza theoremu yangu.

Nilikufundisha hayo yote, Wangari, na huku nje, hatua chache kutoka kwenye meza ile, kulikuwa na mstari uliopinda ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeuelewa.

Ngoja nianze na Guka, babu yako, kwa sababu wewe unamkumbuka akiwa tayari mgonjwa. Nilirudi hapa kutoka Milimani nikiwa na wewe mgongoni. Kwa nini ndoa ile ilivunjika nilishakueleza, sirudii. Njia nzima nilikuwa naandaa maneno. Nilipanga hoja zangu kama ninavyopanga ubaoni: nimefanya hili na lile, nimevumilia kadhaa wa kadhaa, kwa hiyo baba, nina haki ya kurudi. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Aliinua macho, akaniona, akaona mzigo, akasema, "Ng'ombe imezaa jana. Ingia ndani, kuna maziwa." Akaendelea kukata. Hoja zangu zote zilibaki mdomoni. Aliyenipokea mabegi ni Ndegwa, akayapeleka kwenye chumba changu cha usichana, akatoa magunia yake ya mahindi humo ili nipate pa kulala.

Baadaye Guka aligawa shamba sehemu mbili, nusu ya Ndegwa na nusu yangu. Alivuta kamba ya katani kutoka barabarani mpaka kijitoni, na kando ya kamba akapanda matoka, yale maua ya majani mapana ambayo watu wetu hupanda mpakani. Unajua heshima yake. Ng'ombe hawali matoka, na mtu hang'oi itoka la mpaka, kwa kuwa anayeling'oa anajitakia laana. Hata mimi niliyesoma sikuthubutu kulikanyaga.

Watu walisema, kama watu wasemavyo. Mwenzangu mmoja wa shuleni, tukiwa tunasahihisha mitihani, aliniambia, "Mwalimu, chunga hiyo mpaka yako. Hakuna mwanaume anagawana shamba na dada yake roho safi. Baba akiwa hai atanyamaza. Ngoja mzee aende." Hakuwa na ubaya, alikuwa ananitakia mema. Nami nililichukua neno lile nikaliweka chini kabisa, pale penye postuleti, bila kuuliza kwa nini hata mara moja. Ningemkuta mwanafunzi wangu amefanya hivyo ningemwandikia kwa wino mwekundu kile ninachowaandikia wote: nani amekuambia? Wanafunzi wengi hawakosei hatua, unajua. Wanakosea mwanzo. Wanautazama mchoro, wanaona pembe inafanana na pembe mraba, wanaandika ni pembe mraba, na kila kinachofuata ni sahihi na ni bure.

Mzee akaenda. Msimu wa kwanza wa kupanda baada ya kumzika, nilitoka shuleni mapema kwa sababu ya mvua. Nikapita nyuma ya nyumba kuanua nguo, nikamwona Ndegwa mpakani. Ana jembe. Ana itoka mkononi, limeng'olewa, mizizi inaning'inia. Nikautazama mstari mzima, na ulikuwa umepinda katikati, umeingia upande wangu.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Naweka sawa, kama Mzee. Trakta imeyasukuma."

"Trakta?"

"Ndio. Si wewe unajua Mzee alikuwa anayarudisha kila tukilima?"

Sikujua. Nilikuwa nimemwona baba mara nyingi akitembea mpakani na kamba yake na kijembe, nikiwa dirishani nasahihisha madaftari, na nilidhani mzee anazungumza na maua yake. Nilitabasamu tu. Sikuwahi kutoka nje kuuliza.

Basi nikajenga uthibitisho wangu papo hapo, nikiwa na nguo mbichi mikononi. Itoka halitembei. Likihama, kuna mkono umelihamisha. Mkono huo si wangu. Itoka limo mkononi mwa Ndegwa. Kwa hiyo Ndegwa anahamisha mpaka. Niliona fahari, mwanangu, sitakuficha. Kila hatua ilikaa juu ya mwenzake. Nikamwambia asikanyage tena karibu na mpaka ule, na akikanyaga nitamwita chifu.

"Njeri, mimi sijaguza mpaka kwa ubaya."

"Thibitisha."

"Nitathibitisha aje kitu sijafanya? Mimi ni ndugu yako."

Nikamwambia, "Hata hilo lithibitishe."

Nimeandika maneno hayo nikayasoma tena kuona kama yanapunguka ukali yakiwa kwenye karatasi. Hayapunguki. Tangu siku hiyo hakuniita Njeri tena. Aliniita Mwalimu, kama wazazi wa wanafunzi wangu wanavyoniita.

Jioni ile ulikuwa unafanya homuweki ya darasa la tatu mezani. Ukaniuliza kwa nini nimekasirika. Nikakuambia mjomba wako anatuibia shamba. "Anko ni mwizi?" ukauliza. Nikasema ndiyo. Ukatikisa kichwa ukarudi kwenye kitabu chako. Wewe, ambaye baadaye ulinibana mpaka nikakiri kwamba mstari mnyoofu hatuuthibitishi, siku hiyo hukuniambia nionyeshe kazi. Mtoto huanza na anachoambiwa na mama yake. Ana pengine pa kuanzia?

Tangu hapo kila alichofanya Ndegwa kilikuwa theoremu kwangu. Akinisalimu, ananikejeli. Asiponisalimu, dhamiri inamsuta. Akituma maziwa, anajikosha kwa majirani. Na mpaka nao ukawa unazidi kupinda mwaka hadi mwaka, nami nikawa nasema, mnaona?

Kulikuwa na siku niliyopaswa kusimama na kujiuliza upya. Uliugua homa ya mapafu ukiwa darasa la sita, mvua imekata barabara, hakuna gari linalokubali kuingia huku. Ndegwa alishusha mikebe yote ya maziwa kwenye pikapu yake, maziwa ya watu, akatupeleka hospitali kupitia njia ya matope ambayo hata trakta ilikuwa imeikimbia. Ulilala juu ya koti lake. Alikaa nasi mpaka ukawekewa oksijeni, kisha akaenda zake bila kuaga. Katika jiometri, ukianza na jambo halafu likakufikisha kwenye upuuzi, unarudi nyuma na kulitupa lile jambo la mwanzo. Mtu anayeniibia hatua mbili za udongo anaachaje maziwa yaharibike kwa ajili ya mtoto wangu? Huo ulikuwa upuuzi, tena upo wazi mbele yangu. Nikauruka. Nilijiambia anajitengenezea mashahidi. Naona aibu kuliko ninavyoweza kukueleza.

Sasa nikuambie ya wiki hii. Wewe ulikuwa bado Kiamunyi, unamalizia kazi yako ya dukani. Kwa miaka yote hii trakta ya kulima huja siku za shule, nami sijawahi kuwapo. Mara hii tulikuwa likizo. Jumanne nilikuwa nachuma sukuma wiki hapo nyuma ilipoingia kwa Ndegwa, maana amemaliza kuvuna viazi. Ilianza upande wa barabara na kushuka kando ya mpaka, kama kawaida yake, kwa sababu huku chini kwenye mteremko haiwezi kuanza vizuri. Sahani za jembe lake zinatupa udongo upande wa kulia. Kulia kwake ni kwangu. Nikayaona matoka ya katikati yakiinuliwa na udongo, yakabiringika na kutua upande wangu, umbali wa kiganja hivi, majani yakiwa bado yametazama juu. Dereva alikuwa anatazama mbele. Wiki mbili zijazo yangekuwa yameshika mizizi, na mtu angesema yamekaa hapo tangu zamani. Na upande wangu hakuna cha kuyasukuma kurudi, kwa kuwa bustani yangu nailima kwa jembe la mkono.

Kisha nikaona ambalo mwalimu wa jiometri alipaswa kuliona siku ya kwanza. Trakta huzishusha sahani zake baada ya kuingia shambani, na huziinua kabla ya kufika mwisho ili igeuke. Kwa hiyo itoka la barabarani na lile la kijitoni hayajawahi kuguswa. Yako pale pale Guka alipoyaweka. Mwizi wa ardhi angehamisha mstari mzima, nchani kwanza, maana nchani ndipo watu hupima. Mstari uliopinda katikati na kukaa imara pande zote mbili haukuhamishwa na mtu mwenye nia. Nukta mbili zilikuwepo miaka yote, Wangari. Mstari mnyoofu kati yake ni mmoja tu. Kilichohitajika ni kamba, alasiri moja, na watu wawili wanaozungumza.

Nami ndiye niliyemkataza mtu wa pili asikaribie. Nilimzuia asirekebishe, kisha nikamhukumu kwa kutorekebisha.

Jumatano nilikwenda kwake. Nilimkuta anasuuza mikebe ya maziwa.

"Nimeona trakta," nikasema.

Aliendelea kusuuza. "Umeona nini, Mwalimu?"

"Imeyasukuma. Kama ulivyosema."

Alifunga bomba. Alisimama amenipa mgongo, na mgongo ule umekuwa wa mzee bila mimi kuuona ukizeeka. Nikamwambia anisamehe. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kufuatia, na kama siku ile mbele ya baba, hayakutoka. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Kamba ya Mzee iko. Sikuitupa."

Tuliifunga mwanzo na mwisho, yeye barabarani, mimi kijitoni. Ilikuwa imelegea katikati. Nikasikia akipaza sauti kutoka kule juu, "Njeri, vuta!" Nilivuta huku nalia. Kisha tukayahamisha matoka moja moja mpaka jua likaenda. Aliniuliza kuhusu wewe, unaenda kusoma nini. Nikamwambia sheria. Akasema hiyo ni kazi nzuri, utasaidia watu.

Sikumwambia kwa nini uliichagua. Mimi najua. Siku barua ya chuo ilipokuja ulinikumbatia ukasema, "Nikimaliza tu, kesi ya kwanza ni ya mpaka wetu." Nami nikakukumbatia kwa nguvu zaidi. Nilikupa postuleti ukiwa huna meno ya mbele, ukajenga juu yake maisha yako yote yajayo, na ujenzi wako ni mzuri kuliko wangu. Hilo ndilo linaloninyima raha tangu Jumatano. Sikuombi uiache sheria. Unaipenda, nimekuona unavyobishana. Nakuomba tu uitafutie mahali pengine pa kusimama, kwa sababu pale nilipokuwekea hapana kitu.

Na huko uendako, watu watakukabidhi postuleti zao. Watakuambia watu wa kabila fulani wako hivi, watu wa upande fulani usile nao, wanaume wote, wanawake wote. Watasema kwa upole, wakikutakia mema, kama mwenzangu yule. Wewe umekulia hapa, unajua nyumba zilizowahi kuchomwa bondeni humu kwa kauli ambazo hakuna aliyetakiwa azithibitishe. Mimi nilidhani niko mbali na watu wa namna hiyo kwa kuwa sijawahi kushika kiberiti.

Sisemi usiamini chochote. Nimekaa mezani hapa nikijiuliza zangu ni zipi hasa, zile ambazo niko tayari kuzikubali bila kazi yoyote kuonyeshwa, na nimegundua ni chache. Kwamba Ndegwa ni ndugu yangu ilipaswa kuwa mojawapo. Kwamba ni mwizi ilipaswa kuwa jambo la kuthibitishwa, hatua kwa hatua, na ningekwama hatua ya kwanza. Nilizipindua. Lililokuwa la kuthibitishwa nikalikubali bure, na lililokuwa la kukubaliwa bure nikamdai mtu alithibitishe, naye hakuweza, kwa sababu hakuna anayeweza.

Nyingine ni wewe. Kwamba u mwanangu, popote utakapokuwa, ukifaulu au ukifeli, ukinikasirikia kwa haya niliyoandika au ukinisamehe. Hilo sijawahi kulithibitisha wala sikusudii. Ndipo ninapoanzia mengine yote.

Sasa giza. Usinikubalie tena kwa kuwa mimi ni mama yako. Hilo ulishalifanya mara moja. Ukimaliza kusoma, toka nje kungali na mwanga. Kamba bado imefungwa. Simama kwenye itoka la barabarani, funga jicho moja, utazame mpaka kijitoni. Kisha tazama udongo wa Ndegwa uliolimwa, uone umelalia upande gani. Utayakuta matoka ya katikati yamenyauka kidogo na ya nchani hayajanyauka. Jifanyie kazi yako mwenyewe ufikie jibu lako.

Jana, watu walipokwisha kuondoka, nilimfuata Ndegwa mpaka kwake. Nilitaka kumweleza kwamba hukujua, kwamba kosa ni langu, nilikuwa na hoja tele. Hakunipa nafasi. Alisema, "Ile chupa ya chai nimeiacha juu ya nguzo ya lango. Kisumu kuna joto lakini asubuhi mtu hunywa chai. Mwambie asiisahau." Kisha akasema kwamba kesho atasimama langoni kwake gari likipita. Nikamwambia sijui kama utashuka. Akanitazama kana kwamba nimesema kitu cha ajabu.

"Hata asiposhuka," akasema, "si ni mtoto wetu?"

Chupa nimeiosha. Iko mezani.

Mama yako,
Njeri